Daftari la Chama na Programu Huria
Mazungumzo kwa makatibu wa vyama vya msingi, Morogoro



Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kuitunza Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa umeenea mno katika kompyuta za ofisi. Hapana mashine iliyozimika kwa sababu hiyo. Katibu aliyewasha kompyuta ya chama asubuhi ya tarehe 15 aliikuta kama alivyoiacha jana yake: orodha ya wanachama mahali pake, leja ya mikopo mahali pake, na barua kwa Mrajisi ambayo haijakwisha kuandikwa mahali pake. Kilichokoma ni matengenezo. Kila ufa unaogunduliwa katika mfumo huo baada ya siku hiyo hubaki ufa, na wezi wa kompyuta, ambao nao husoma habari, huambiwa ulipo.

Yafaa ieleweke kwanza mfumo endeshi ni kitu gani, kwa maana wajumbe wengi wa bodi huidhinisha fedha za kompyuta bila ya kuelezwa. Ni ile programu inayoamka kwanza mashine inapowashwa, kisha ikazigawia nyingine zote kazi zao: hii ichapishe, ile ihifadhi, na anayetaka kuingia aulizwe neno la siri. Programu ya hesabu ni karani, na mfumo endeshi ni meneja wa ofisi. Karani mwaminifu aliye chini ya meneja anayelala mlango wazi hawezi kulilinda sanduku la fedha.

Basi chama chenye mashine ya zamani kifanye nini? Jibu la kampuni yenyewe ni kuhamia Windows 11. Lakini mfumo huo hudai kompyuta iwe na kifaa maalumu cha usalama, na prosesa nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 haukubali kusimikwa juu yake. Kwa chama kilichonunua mashine ya mtumba Dar es Salaam, au kilichopewa moja na mfadhili, maana yake aghalabu ni kununua nyingine. Watumiaji binafsi waliongezewa mwaka mmoja tu wa matengenezo, hadi Oktoba 2026. Fedha za kompyuta mpya hutoka katika ushuru ule ule unaokatwa kwenye kilo ya karafuu ya mkulima wa Matombo au gunia la viazi la mkulima wa Mgeta, na mkutano mkuu una haki ya kuuliza kama mashine ile ya zamani imekufa kweli, au imefiwa na mtunzaji wake tu.

Njia ya pili, ambayo haitajwi katika mikutano lakini hutumika, ni kumwita fundi wa mtaani aje na flashi yake. Fundi huyo hulipwa kidogo, na mchana huo huo mashine huonyesha Windows iliyo mpya, ambayo leseni yake ni ya wizi. Sheria ya Haki Miliki na Haki Shiriki ya mwaka 1999 hulinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, na chama cha ushirika ni mtu mbele ya sheria: kinaweza kushtakiwa. Lakini hatari iliyo karibu zaidi si mahakama. Programu inayovunja kufuli ya leseni huhitaji kupewa mamlaka yote ya mashine ili ifanye kazi yake, na hapana ajuaye ni kazi gani nyingine iliyotumwa kufanya. Katibu anayeingiza namba za simu na akiba za wanachama katika mashine hiyo ameziweka taarifa hizo mikononi mwa asiyemjua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haitamuuliza fundi. Itakiuliza chama.

Njia ya tatu ni mifumo huria, nayo ndiyo madhumuni ya mazungumzo haya.

Programu huandikwa na binadamu kwa maneno yanayosomeka, ndipo maneno hayo yakageuzwa kuwa tarakimu ambazo mashine huzifuata. Anayeuziwa tarakimu peke yake ni kama aliyeuziwa unga. Atapika ugali, ndiyo, ila hawezi kujua mahindi yalitoka shamba gani, wala hawezi kuupanda. Anayepewa maandishi yenyewe amepewa mbegu. Programu huria ni ile ambayo leseni yake humpa kila mtu mbegu: ruhusa ya kuitumia kwa kazi yoyote, kuyasoma maandishi yake, kuyarekebisha, na kumgawia jirani nakala. Kiswahili kimebahatika hapa, kwa kuwa kimetenganisha neno huria na neno bure. Programu nyingi za simu hutolewa bure lakini si huria hata kidogo, kwa sababu mwenyewe huweza kuzifunga siku yoyote.

Wazo hilo lilipewa umbo na Mmarekani Richard Stallman aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland, akatoa kiini cha mfumo kilichoitwa Linux. Mwaka 1993 wakatokea watu wa Debian, umoja wa watu wanaojitolea, wenye katiba na wenye kumchagua kiongozi wao kila mwaka kwa kura. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaanzisha Ubuntu juu ya msingi wa Debian, akatumia neno la Kibantu ambalo Mswahili hulisikia kuwa ni utu, na hadi mwaka 2011 sidii za mfumo huo zilitumwa kwa posta duniani kote bila malipo.

Lakini kwa wasomaji wa Kiswahili kisa kilicho karibu zaidi ni cha mlimani kule Dar es Salaam. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ilifanya mradi ulioitwa Kilinux. Walichukua OpenOffice, programu huria ya kuandikia barua na kupigia hesabu, wakaigeuza menyu zake na maelezo yake kuwa Kiswahili. Mwishoni mwa mwaka huo wakaitoa kwa jina la Jambo OpenOffice. Kazi haikuwa ya kutafuta maneno katika kamusi, kwa maana mengi hayakuwamo. Ilibidi kukubaliana neno moja kwa jambo moja, ili katibu asikutane na majina matatu ya kitu kile kile katika ukurasa mmoja.

Wachungulie makatibu kilichowawezesha. Hawakuandika barua ya kuomba idhini Marekani, wala hawakungoja mtu aone kama soko la Waswahili lina faida. Leseni ilikwisha kuwaruhusu. Mwaka huo huo wa 2004 Microsoft nayo ilitangaza kwamba itaziweka programu zake katika Kiswahili, na hilo lilikuwa jema, lakini uamuzi ulikuwa wa mwenye mali. Wasemaji wa lugha walikuwa wa kungoja.

Hapo hapo ni lazima kusema upande wa pili, maana mkaguzi anayesoma mapato bila ya kusoma madeni hajakagua. Jambo OpenOffice haikuendelea kwa jina hilo. OpenOffice yenyewe ilisonga mbele, kila toleo likileta menyu mpya na maelezo mapya yanayotaka kutafsiriwa, na tafsiri isiyo na mtunzaji wa kudumu hubaki nyuma kama shamba la pamoja ambalo kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda kulipalilia. Fungu la Kiswahili cha Tanzania limo hadi leo katika kazi ya kutafsiri LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, ila halijakamilika, na anayelifungua atakuta Kiswahili na Kiingereza vimechanganyika. Haki ya kurekebisha haimrekebishii mtu kitu akiwa amekaa.

Jinsi LibreOffice ilivyozaliwa ni habari ambayo mwanaushirika ataielewa upesi kuliko mfanyabiashara. OpenOffice ilikuwa chini ya kampuni ya Sun Microsystems, iliyofungua maandishi yake mwaka 2000. Mwanzoni mwa mwaka 2010 Sun ikanunuliwa na Oracle. Waliokuwa wakiitengeneza waliingiwa na hofu juu ya nia ya tajiri mpya, na Septemba 2010 wengi wao wakachukua nakala ya maandishi, kama leseni ilivyowaruhusu, wakaunda taasisi yao isiyo ya faida na kuendelea na kazi kwa jina la LibreOffice. Mwaka 2011 Oracle iliitoa OpenOffice kwa taasisi ya Apache, lakini msafara ulikwisha kuondoka. Wazee wa ushirika wanaokumbuka mwaka 1976, vyama vikuu vilipovunjwa kwa tamko la serikali na mali zake kuhamishiwa kwingine hadi sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha, watajua thamani ya katiba inayowapa wanachama ruhusa ya kuondoka na mbegu yao.

Wengine huuliza: je, kitu kilicho wazi kwa kila mtu hakiibiwi kwa urahisi zaidi? Swali hilo lilijibiwa mwaka 2024, na jibu halikuwa jepesi.

Ipo programu ndogo iitwayo xz, ambayo kazi yake ni kubana mafaili yapungue ukubwa. Ni kitu kidogo, lakini kimo katika karibu kila mfumo wa Linux. Kwa miaka mingi kilitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea, naye alikuwa amechoka. Mwaka 2021 akatokea mtu aliyejiita Jia Tan, akaanza kuleta marekebisho madogo mazuri. Watu wengine, ambao nao sura zao hazikujulikana, wakaanza kumlaumu mtunzaji kwa uzito wa kazi yake na kumshinikiza aongeze msaidizi. Msaidizi aliyekuwa tayari alikuwa Jia Tan. Akapewa funguo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 akatoa matoleo mawili yenye mlango wa siri, ambao ungemwezesha aliyeutengeneza kuingia katika mashine za watu kwa mbali.

Hapo makatibu wazoefu watatikisa kichwa. Mwizi wa chama cha ushirika mara chache huvunja dirisha. Huja akiwa mtu wa kusaidia, hukaa hadi usiku akimalizia hesabu, na haendi likizo.

Aliyemgundua ni Andres Freund, mhandisi ambaye, ajabu, alikuwa mwajiriwa wa Microsoft, akifanya kazi ya programu nyingine huria. Aliona kuingia katika mashine yake kumechelewa kwa kama nusu ya sekunde. Wengine wangesema mashine imezeeka. Yeye alitafuta nusu sekunde hiyo ilikokwenda, kama mkaguzi anayetafuta senti hamsini katika mizania, akaifuata mpaka ndani ya xz, na tarehe 29 Machi, 2024, akautangazia ulimwengu. Matoleo thabiti ya Debian na ya wengine hayakuwa yameupokea mlango huo. Ulikuwa umefika hasa katika matoleo ya majaribio. Ukarabati ulifanyika kwa siku chache. Jia Tan ni nani, hadi leo haijajulikana hadharani.

Liko jambo moja katika kisa hicho linalopasa kuwekewa mstari. Kichocheo cha ule mlango hakikuwamo katika daftari la wazi ambalo kila mtu huweza kulisoma. Kilitiwa katika furushi lililofungwa kwa ajili ya kusambazwa, na watu waliamini kwamba furushi na daftari ni kitu kimoja. Ni sawasawa na muhtasari wa hesabu unaosomwa mbele ya mkutano mkuu ilhali leja imebaki kabatini. Kwa hiyo uwazi peke yake haukumkamata mwizi. Uliwawezesha waliotaka kumkamata wafuate nyayo zake bila kuomba ruhusa kwa mtu, na hilo ni tofauti na kusema kwamba kila kilicho wazi ni salama.

Ziko serikali zilizokwenda njia hii na kurudi. Mji wa Munich, Ujerumani, uliamua mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuhamia Linux, ukahamisha kompyuta zaidi ya elfu kumi, na mwaka 2017 baraza lake likaamua kurudi Windows. Aprili 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani hiyo hiyo, likatangaza kuhamisha kompyuta 30,000 kwenda LibreOffice na hatimaye Linux. Kwa nini mmoja arudi na mwingine aende? Siasa ilikuwamo, na pia malalamiko ya makarani ambao mafaili yao hayakufunguka vizuri kwa wenzao wa nje. Chama cha Tegetero kitakutana na malalamiko hayo hayo kwa kipimo chake.

Sasa ichukuliwe hali ya chama cha msingi katika milima ya Uluguru. Ofisi ni chumba kimoja. Umeme hukatika, hasa masika. Intaneti ni ya simu, inayonunuliwa kwa vifurushi, na masasisho ya usiku ya Windows yamewahi kumeza kifurushi cha wiki nzima. Kutoka Nyandira au Tchenzema kumpeleka fundi kompyuta mjini Morogoro ni siku nzima, na mvua zikikata njia ni zaidi.

Katika hali hiyo mifumo huria ina faida ambayo watu wa Ulaya hawaitaji sana: flashi moja. Chama Kikuu kikishapakua mfumo mara moja mjini, flashi ile ile yaweza kupandishwa Mgeta, ikateremshwa hadi Matombo na Kinole, ikasimika mfumo katika kila chama, na hapana sheria iliyovunjwa, wala namba ya leseni inayotafutwa. Mfumo wa Linux Mint toleo la 22, uliotoka Julai 2024, utatunzwa hadi mwaka 2029, nao huridhika na mashine ambayo Windows 11 imeikataa, mradi iwe na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Debian toleo la 13 lilitoka tarehe 9 Agosti, 2025. Yote miwili huweza kuendeshwa kutoka ndani ya flashi bila ya kugusa diski ya mashine. Katibu akiingiza flashi, akawasha, atajaribu siku nzima kama printa inachapa, kama modemu inashika mtandao, kama herufi zinasomeka. Asiporidhika ataichomoa, na Windows itaamka kama vile hapana kilichotokea.

Hapana budi kutazama kwanza chama kinatumia nini. Mifumo ya serikali inayofunguliwa kwa kivinjari, ukiwamo MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, haijali mashine ni ya mfumo gani. Programu ya hesabu iliyonunuliwa kwa muuzaji na kutengenezwa kwa Windows peke yake ni jambo jingine. Chama chenye programu ya namna hiyo kisihame kabla ya kumwuliza muuzaji swali moja kwa maandishi: je, hesabu zote za chama zaweza kutolewa katika faili ambalo programu nyingine italisoma? Akishindwa kujibu, tatizo la chama ni kubwa kuliko Windows 10, kwa maana leja yake imo katika sanduku ambalo ufunguo anao mtu mwingine. Tangu mwaka 2006 muundo wa mafaili unaotumiwa na LibreOffice umekuwa kipimo cha kimataifa, na yeyote anaweza kuandika programu ya kuusoma.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kung'oa Windows. Ni kusimika LibreOffice ndani ya Windows iliyopo, kuifungulia leja za Excel, na kulinganisha jumla zilizomo na zile za daftari la mkono. Mafaili ya kawaida hufunguka. Yale yenye amri za kujiendesha zilizoandikwa na mtaalamu fulani zamani mara nyingi hukorofisha, na huyo mtaalamu aghalabu hayupo tena. Makatibu wawili katika kila chama wajifunze, asiwe mmoja. Akihama mmoja, au akiugua, kazi isihame naye. Nakala ya hesabu iwekwe katika diski mbili, na moja ilale nje ya ofisi. Kwa umeme wa milimani kifaa cha kuhifadhi umeme kinunuliwe kabla ya kitu kingine chochote, maana mfumo uwe huria au wa kununuliwa, umeme ukikatika katikati ya kuandika, hesabu ndizo zinazoumia.

Na ziko mashine ambazo hata Linux haitaziokoa. Debian 13 haina tena njia ya kusimikwa katika kompyuta za biti 32, zile za zamani kabisa. Chama chenye moja ya hizo kiiandike katika daftari la mali kuwa imechakaa, kiipeleke kwa mkutano kama kanuni zinavyotaka, na isiuzwe kabla diski yake haijang'olewa, kwa kuwa majina ya wanachama na akiba zao yamo ndani.

Uhamishaji usifanywe katikati ya msimu wa kununua mazao. Ufanywe baada ya hesabu za mwaka kufungwa na kupelekwa kwa wakaguzi wa COASCO, na mashine ya zamani, au diski yake, ibaki bila kuguswa mpaka ukaguzi huo urudi.